Nisafishie Picha

Ko, ko, ko. Ukucha mdogo uligonga kioo gizani, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi asitake kuamsha nyumba nzima. Bibi Redempta alikuwa macho chini ya blanketi, baridi ya kijiji cha Pito imemkaa magotini. Alijua ni Minza, mjukuu wake wa miaka saba, aliyekuwa akimwamkia mama yake kabla jogoo hajawika.

Mama huyo, Adela, alikuwa ndani ya fremu ukutani. Alifariki Minza akiwa bado wa kubebwa, kule bondeni kwa mumewe Limbu, mfugaji wa Kisukuma. Redempta alipomaliza kumzika bintiye alimfunga mtoto mgongoni, akapanda mlima kurudi Ufipa, na bonde hakulikanyaga tena. Picha ile ndiyo pekee iliyobaki. Ilipigwa miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika kutoka Tunduma, kwa kamera ya plastiki nyepesi kama ganda la yai, kifuniko chake kimeshikiliwa na mpira wa baiskeli. Ilikuwa kamera ya kuchezea. Pembe za picha zilikuwa zimeingia giza, shamba la ulezi nyuma ya Adela limejaa ukungu, na mstari mwekundu ulishuka kutoka juu ukamgusa begani. Majirani walisema ni mkono wa Mungu. Redempta hakuwabishia.

Jumamosi Limbu angekuja kumchukua binti yake. Ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo, kwamba akifika umri wa shule arudi kwa baba. Redempta alikuwa ameitikia kwa mdomo. Moyo ulibaki nyuma, unachechemea. Minza aliomba kitu kimoja tu: mama aende naye. Na Bibi hakuweza kubaki na ukuta mtupu. Basi wakaifunga fremu kwenye kitenge, wakaenda nayo mjini, Chanji, kwenye studio ya kijana aitwaye Gaudensi, mwenye kompyuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisafishie picha hii, niwe nazo mbili."

Kwa watu wa umri wake, kusafisha picha ni kuitoa, kuichapa kwenye karatasi. Ndivyo mafundi walivyosema enzi za filamu na chumba cha giza. Lakini Gaudensi alijifunza kazi kwenye kompyuta. Alisikia alichosikia.

Waliporudi kuichukua, aliwapokea kwa tabasamu la mtu anayetoa zawadi. Pembe za picha ziling'aa. Anga lilikuwa la buluu, uso wa Adela laini kama sahani mpya, na ule mstari haukuwepo. Minza aliweka mikono nyuma, akaitazama kwa heshima.

"Bibi, huyu ni mama wa nani?"

Gaudensi alicheka, kisha akauona uso wa Redempta na kicheko kikamfia mdomoni. "Bibi, si ulisema nisafishe? Nimeondoa madoa yote."

"Nilisema usafishe, mwanangu. Sikusema umwoshe. Walimwosha siku ya mazishi, inatosha." Akanyoosha mkono. "Nirudishie yangu ya zamani."

Kijana aliinama chini ya meza, akatoa fremu. Picha ilikuwa imegandana na kioo kwa unyevu wa miaka, na alipojaribu kuibandua ili aweke mpya, uso ulichanika vipande. Kwenye kompyuta nako alikuwa amehifadhi picha safi juu ya nakala ya kwanza, ikaifuta. Aliyasema yote mwenyewe, bila kuulizwa. Angeweza kusingizia umeme, na nani angembishia? Hakusingizia. Hata katika uchungu wake, Redempta aliliona hilo.

Gaudensi akageuza kibao cha mlangoni upande wa "Tumefunga". Akavuta kiti, akatandika koti lake juu yake. "Kaa, Bibi. Wewe unaijua kwa moyo. Niambie ilivyokuwa, nami nitaichafua mpaka uitambue."

"Kumbe kuchafua nako ni ufundi?"

"Leo ndiyo ufundi wenyewe."

Alishika kile walichokiita kipanya, na giza likaanza kutambaa kwenye pembe za picha. Redempta hakuwa amepata kuona jioni ikiagizwa ije, nayo ikaja.

"Punguza! Umemfunga jela. Liingie polepole, kama unafunga madirisha moja moja. Ehe. Na shamba liwe la manjano, tulikuwa tunakaribia kuvuna. Ukungu uje, ila jicho la kushoto usiliguse. Lilikuwa linaonekana vizuri."

Kidogo kidogo Adela alirudi, kama mtu anayetoka shamba la mbali, ambaye kwanza unamjua kwa mwendo, baadaye ndipo unamjua kwa sura. Ukabaki mstari.

Gaudensi akachora.

"Hiyo rangi ya kucha," alisema Bibi.

Akafuta, akachora tena.

"Pilipili!" alidakia Minza, na wote watatu wakacheka bila kutaka.

"Bibi, ule mstari ulikuwa mwanga," Gaudensi alisema akijikuna kichwa. "Kamera ilikuwa na ufa. Jua lilipenya likaichoma filamu."

Redempta alimgeukia. "Jua la siku ile? Lenyewe liliingia, likakaa humo na mwanangu?"

"Lenyewe, Bibi."

Miaka yote Redempta alidhani amebakiwa na sura tu, kumbe kipande cha siku yenyewe kilikuwa kimening'inia ukutani kwake. Aliinuka, akaenda mlangoni, akauinua mkono wake mkavu kulielekea jua. Kingo za vidole zikawaka.

"Nyekundu hii. Hapa, mwanga unapopita kwenye nyama. Unaiona?"

Gaudensi alikuja kutazama rangi, akajikuta anautazama mkono. Alirudi nyuma polepole akaichukua kamera yake.

"Usiushushe, Bibi."

Kwenye kompyuta akaiweka picha ya mkono juu ya picha ya Adela, akaififisha na kuififisha, mpaka vidole vikayeyuka na ikabaki ile nyekundu peke yake. Ilishuka kutoka juu ikatua begani.

"Mkono wangu umekwenda wapi?" Redempta alinong'ona.

"Umo humo, Bibi."

Minza alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha kompyuta. "Mama," alisema, kwa sauti ya kukaripia kidogo, "ulikwenda wapi?"

Jumamosi Limbu alifika na kibuyu cha samli. Alimwamkia mama mkwe kwa mbali, macho chini, akakaa nje bila kuwaharakisha. Alipoonyeshwa nakala ya Minza, maana nyingine ilikuwa imekwisha kurudi ukutani kwa Bibi, aliishika kwa mikono miwili, kisha akavua sweta lake akaizungushia kabla ya kufunga mzigo mwingine wowote. Miaka ya kwanza alikuwa akituma salamu za kumkaribisha Redempta bondeni. Hakujibiwa, akaacha, na leo pia hakuthubutu.

Waliagana barabarani. Gari lilipopunguza mwendo, Minza alijichomoa mkononi mwa baba yake, akarudi mbio.

"Bibi."

"Abee, mjukuu wangu."

"Uje tena kule bondeni. Utukute, mimi na mama."