Vyura wa Bonde la Kwanza

Kutoka kwangu Mkomani mpaka Wiyoni ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Ukisimama kusalimiana na watu, fanya dakika ishirini na tano. Mimi ulinichukua wiki saba. Sikuwa mgonjwa, wala njia haikufungwa. Nilikuwa najiandaa.

Naitwa Bakr, nashona kofia za mkono, na mke wangu Razan alikuwa amerudi kwao Wiyoni kwa hasira. Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kunitafutia udhuru, maana nimeutafuta mwenyewe nikaukosa.

Katika simu yangu mna gemu liitwalo Mabonde Saba. Unapewa jeshi la watu sita na uwanja wenye vyumba vyumba kama ubao wa dama. Unasogea wewe, anasogea adui, kwa zamu. Kuna mfalme aliyenyang'anywa kiti chake, na jeshi lako linatakiwa livuke mabonde saba likamrudishe. Habari za mfalme mimi sizijui zaidi ya hapo. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa bonde la kwanza, nikipiga vyura.

Chura mmoja hutoa pointi nne. Ukifikisha mia, mtu wako anapanda levo, inalia tarumbeta ndogo, na nguvu zake zinaongezeka kwa moja. Vyura wakiisha unatoka, unaingia tena, unawakuta wote wamerudi mahali pao. Watu huniuliza raha yake ni nini, nami huwaambia wakae wafikiri. Duniani humu unaweza kumfanyia mtu wema miaka kumi asikupe hata asante. Utaomba mkopo, utangoja simu, utamtengenezea mteja kofia ya kupendeza naye aseme ataipitia kesho. Chura hana maneno hayo. Jana alitoa nne, leo nne, na kesho inshallah nne.

Labda ni kazi yangu iliyoniharibu. Kofia ya vito ina vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kitundu unakizungushia uzi kwa sindano, kimoja baada ya kimoja, miezi miwili, mitatu. Mtu aliyezoea kula kwa mwendo huo, ukimpa vyura umemmaliza.

Na mwisho wa bonde lile yuko jemadari mwenye pembe. Siku yangu ya pili nilimwendea kichwa kichwa, akaniulia mtu mmoja. Iliniuma kuliko inavyostahili. Nikasema sirudi kwake mpaka niwe tayari. Tayari ni neno zuri sana, halina tarehe.

Hata nikavumbua ujanja. Mganga wa jeshi hapigani, hupata pointi akitibu tu. Basi unabakiza chura mmoja, mnyonge, halafu unawaamuru askari wako wapigane wenyewe kwa wenyewe, na mganga anawatibu kutwa kucha huku chura anatazama. Mganga huyo nilimpa jina la mke wangu. Nilidhani ni heshima.

Razan aliliona hilo siku moja, amesimama nyuma yangu na ungo wa mchele anaopeta.

"Kwa hiyo humo ndani kuna Razan mwingine," alisema, "na kazi yake ni kuwatibu wanaume wanaoumizana kwa kusudi."

"Anapanda levo," nikamwambia.

"Hongera zake."

Akarudi jikoni. Mimi nikadhani mazungumzo yameisha vizuri.

Razan ni mwalimu wa chekechea. Miaka mitatu alisomea diploma, jioni kwa jioni, akishakuwarudisha watoto wa watu kwa mama zao. Siku ya kufuzu ilipofika, ilikuwa tuvuke kwa boti ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka Mokowe, tushike basi la kwenda chuoni. Kanzu yangu alikuwa ameipiga pasi tangu jana yake. Nilivaa mapema, nikajipaka mafuta, nikakaa kumngoja afunge mtandio. Kukaa huko ndiko kulikoniponza, maana simu ilikuwa mkononi.

"Twende," alisema.

"Tangulia, nakufuata. Bado chura mmoja."

Na kweli alikuwa mmoja. Lakini nilipomaliza niliona askari wangu mmoja amebakisha pointi nane apande levo. Pointi nane ni vyura wawili, na vyura hawaji wawili, huja sita sita. Nilipofika gatini boti ilikuwa imeshapita katikati ya mkondo. Razan alikuwa amekaa nyuma, amevaa buibui jipya, hakugeuka. Ile iliyofuata ingenifikisha Mokowe, lakini basi lingekuwa limeondoka.

Nikarudi nyumbani. Na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, nitasema: niliwamalizia vyura.

Jioni ulikuja ujumbe. "Niko kwa mama. Cheti nimepata."

Kwetu mke akirudi kwao kwa hasira, mume haitwi. Anangojwa. Anakwenda kwa miguu yake, anapiga hodi, anakaa barazani kwa mkwe, analisema alilolifanya. Na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nikaamua kumpelekea baba mkwe, Bwana Abdulghafur, kofia ya vito ambayo Lamu haijapata kuiona. Asubuhi ya pili nikakata kitambaa. Nilikuwa na nia safi, na ndiyo sababu jambo lenyewe linanitia aibu zaidi.

Mwoga akishika sindano hufumua. Safu ya kwanza niliona vitundu vitatu havikuwa duara sawasawa, nikafumua. Nikashona, nikafumua tena. Wiki ya tatu nikaanza kuandika na maneno ya kusema. Dibaji peke yake ilikuwa na hadithi mbili za Mtume na shairi. Nikiona moyo unadunda nikifikiria mlango wa Wiyoni, naweka sindano chini, nashika simu, nawapiga vyura kidogo nipate utulivu. Tarumbeta inalia. Nasema, naam, tunasonga mbele.

Wiki ya tano mama mkwe, Bi Mwanatumu, alinitumia ujumbe: "Bakr, u mzima?" Mwenye akili angeelewa. Mimi nilimjibu "Alhamdulillahi, mama," nikahesabu kwamba kama wananiuliza afya, basi muda bado upo.

Wiki ya saba, baada ya adhuhuri, mganga alifika levo sitini na mbili. Jeshi lote lilikuwa limepanda hivyo hivyo, na dawa nilikuwa nazo tisini na tisa, sijawahi kutumia hata moja, naziweka akiba kama mama yangu alivyoweka zile sahani za kichina kwenye zidaka za ukutani mpaka akafa hajazilia hata wali mkavu. Nikajiona niko tayari. Nikapiga bismillahi, nikamwendea jemadari mwenye pembe.

Nilimgusa mara moja tu, akaanguka.

Hakutupa hata shoka lake. Nikabaki natazama kioo. Chini palikuwa na maandishi madogo ambayo kwa mwaka mmoja na nusu sikuwahi kuyasoma, kwa kuwa kila mara nilikuwa na haraka ya kurudi kwa vyura. Yalisema jemadari huyu anafaa kukabiliwa na jeshi la levo ya tisa.

Levo ya tisa nilikuwa nimeifika wiki ya kwanza.

Niliiangalia kofia. Ilikuwa nzuri, wallahi. Nikaikunja katika karatasi, ile hotuba nikaiacha juu ya meza, nikavaa makubadhi, nikatoka. Sikusimama kusalimiana na mtu.

Bwana Abdulghafur alikuwa barazani kwake anamenya chungwa. Zamani alikuwa na duka la vyombo, na mpaka leo anamtazama kila mtu kana kwamba anatafuta ufa. Nilimwamkia, akaniitikia. Nikakaa. Nikampa kofia kwa mikono miwili.

Aliigeuza, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole safu kwa safu. "Kazi," alisema. Akavua ile aliyovaa, akaitia hii.

Haikuingia. Ilikaa juu ya utosi kama kifuniko cha buli. Akaivuta kushoto, akaivuta kulia. Nikaona jasho linanitoka.

Miaka kumi na tisa nashona kofia. Jambo la kwanza analofundishwa mtoto, kabla hata ya kushika sindano, ni kupima kichwa kwa uzi. Nilishona wiki saba, nikafumua mara kumi na moja, na kichwa chenyewe sikukipima. Nilikata kwa kichwa changu.

"Kitwa changu hukukipima, Bwana Bakr," alisema taratibu.

"Kukipima ingebidi nije, baba."

"Basi ungekuya."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonivunja. Alimaliza chungwa lake, akanipa nusu, akasema bila kunitazama: "Siku ile ya kwanza mama yao alikuwekea sahani. Na ya pili. Wiki nzima twalikula na sahani tupu hapo kati. Halafu akaiondoa."

Nusu ya chungwa nikaiweka chini kando yangu.

Razan akatoka. Sijui alikuwa amesimama nyuma ya mlango tangu lini. Aliketi upande wa baba yake, mkononi ana bahasha kubwa ya khaki. Alikuwa amenenepa kidogo na uso umetulia, na niliogopa, maana mtu aliyetulia hana haja na wewe.

"Mganga amefika wapi?" aliniuliza.

"Sitini na mbili."

"Mimi nimelimaliza."

"Umemaliza nini?"

"Gemu. Nililitia kwenye simu yangu. Nilitaka kujua ulikuwa ukienda wapi." Alisema kama anayesoma mahudhurio ya watoto. "Siku tisa. Nilimaliza na levo ya kumi na nne. Wawili walikufa njiani, nikasikitika, nikaenda na waliobaki. Dawa zote nilizitumia."

Nina haya, lakini nitasema nilichomjibu. Mke wangu ananieleza wiki saba za maisha yake, nami nikauliza: "Na mfalme, ilikuwaje?"

Baba mkwe alifunga macho.

"Kacheze," alisema Razan. Kisha akaiweka ile bahasha magotini. "Unadhani nimekuja huku kwa ajili ya vyura, Bakr? Hapana. Siku ile walisoma majina. Kila jina likisomwa, watu wake wanasimama, vigelegele, maua ya plastiki, mpaka mwalimu anawanyamazisha. Likasomwa langu. Kimya. Nikatembea ule ukumbi wote nasikia viatu vyangu mwenyewe. Halafu dada mmoja, simjui, akanipigia makofi kwa kunihurumia. Hicho ndicho nilichokuja kulilia huku."

Hotuba yangu, hata ningekuja nayo, haikuwa na mahali pa kuliweka hilo.

Akanipa bahasha. "Soma."

Niliitoa karatasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona. Nikasimama, kwa kuwa nilihisi haisomwi kwa kukaa. Watu walikuwa wameanza kupita kwenda msikitini, maghribi inakaribia. Nikasoma kwa sauti: "Razan Abdulghafur Hashim. Diploma ya malezi na elimu ya watoto wadogo. Daraja la pili, la juu."

Razan alikuwa bado ananitazama. Nikaelewa anangoja nini.

Mwanamume hapigi kigelegele. Hilo liko wazi Lamu nzima, na kama kuna aliyewahi, hakufanya barazani kwa mkwe wake huku jamaa wanakwenda kusali. Nilimtazama Bwana Abdulghafur anikataze. Alikuwa anatazama maganda ya chungwa lake, kile kikofia bado kiko utosini.

Nikafungua mdomo, nikapiga. Ulitoka mlio kama wa jogoo aliyepaliwa na maji. Watu wawili njiani wakasimama.

"Kibaya," alisema Razan. "Tena."

Nikapiga tena. Ulimi haukujua uende wapi. Mmoja wa wale waliosimama akaomba Mungu anisitiri, akaendelea na safari yake.

"Tena."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Mwenyezi Mungu hakumuumba mtu bila kipaji. Uwezo wa kurudia jambo moja la kipumbavu bila kuchoka ninao, na mwaka mmoja na nusu nilikuwa nauzoeza. Nikapiga cha tatu, cha nne. Cha tano kilianza kufanana na chenyewe. Cha sita Bi Mwanatumu alishindwa kuvumilia, akanipokea kutoka ndani kwa kigelegele cha haki, kirefu, kilichokuwa kimemkaa kooni wiki saba. Razan akaufunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nikadhani anacheka, kisha nikaona analia, kisha vyote viwili. Mimi nililia waziwazi, sikuona tena sababu ya kuficha kitu.

"Hiyo ni levo gani?" aliniuliza alipopata pumzi.

"Ya kwanza."

Alijifuta, akachukua cheti chake mkononi mwangu, akakirudisha ndani ya bahasha kwa uangalifu. Akainuka, akaingia ndani. Nikasikia kabati linafunguliwa, na mama yake akimuuliza kama ataacha lile buibui jipya au atalibeba.

"Atalibeba," alisema Bwana Abdulghafur, kwa sauti ndogo, akinielekea mimi. "Wewe endelea kupiga, asiye akabadili nia."

Nikaendelea.