Skrubu za Akiba

Seremala mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Randa alikuwa na dharau ya kutosha kugawia ukoo wake wote, na ikabaki ya majirani. Jina lile hakulipata kwa kuranda mbao, ingawa aliziranda miaka arobaini na moja. Alilipata kwa ulimi. Ukikaa naye nusu saa, unaondoka umepungua unene. Alidharau madirisha ya aluminiamu, alidharau watu wanaopima kwa kukadiria, na zaidi ya vyote alidharau mbao ambazo si mbao: ule unga wa msumeno unaogandishwa kwa gundi, ukavalishwa karatasi yenye picha ya mti, ukaitwa meza. Yeye mwenyewe aliwahi kutengeneza kiti ambacho karani mmoja mnene alikikalia miaka thelathini. Karani akafa, kiti kikazika karani wa pili, na wa tatu alipoletwa alikitazama akaomba uhamisho.

Sasa dunia nayo ina masihara yake. Baada ya kufiwa na mkewe na kukaa peke yake miaka minne, Randa alimwoa mkunga mstaafu, mwanamke wa mikono laini na kauli isiyorudi nyuma. Mkunga alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, naye alikuwa meneja wa duka la samani. Samani za nini? Za unga. Ghorofa mbili nzima, na humo ndani hamkuwa na hata kijiti cha kuchokolea meno kilichowahi kuwa mti.

Ndoa haijatimiza mwezi, Meneja alimkaribisha baba yake mpya dukani, kwa heshima zote, na soda juu. Randa alizunguka mikono nyuma kama mkaguzi wa magereza. Akafika kwenye kabati moja la nguo, akaligusa kwa kidole kimoja. Kabati likaegama upande kama mlevi aliyeulizwa njia. Wateja wakageuka, na Randa, mbele yao wote, akasema, "Kabati hili likiona mvua kwenye televisheni, linavimba." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bwana mmoja aliyekuwa ameshatoa pochi aliirudisha mfukoni. Meneja hakukanyaga kwa mama yake wiki sita.

Kwa hiyo sikukuu ilipokaribia, Mkunga alimkalisha mumewe kitako.

"Mume wangu, wanao na wangu watakula pamoja hapa kwa mara ya kwanza. Mwanangu nimembembeleza mpaka sauti imekauka. Ukimtolea neno moja la dharau, moja tu, sikukuu zote nilizobakiwa nazo nitazilia kwake. Wewe utakula na randa yako."

"Na nikikohoa?"

"Kohoa kwa heshima."

Randa alicheka, kisha akaacha. Sikukuu nne alizikula peke yake, amesimama kwenye benchi la kazi, mkate mkononi, akisikiliza vicheko vya majirani vikipita juu ya ukuta. Mkate wa namna ile haushuki hata ukiusukuma kwa chai. Akala kiapo: siku nzima, hatasema kitu.

Siku yenyewe Meneja alifika asubuhi na mkewe, watoto watatu, na boksi bapa refu kama mlango wa ghala. Ni zawadi, akasema: meza ya watu kumi na wawili. Maana meza ya nyumba ile, ya mvule, aliyoichonga Randa kwa mikono yake, ilikuwa ya watu sita, na siku hiyo vichwa vilikuwa kumi, ukihesabu na binti wa Randa, dereva wa lori, aliyekuja na wanawe wawili. Ile ya mvule ilibebwa na watu wanne ikatolewa barazani, na haikufika vizuri mtu akatua juu yake beseni la maganda ya vitunguu. Randa aliitazama kama mtu anayemwona mama yake akisukumwa nyuma ya foleni. Akajikaza kisabuni.

Meneja alivua koti, akakunja mikono ya shati, akatandaza karatasi ya maelekezo sakafuni. Akatangaza dakika ishirini. Mpaka jua linafika utosini, bado alikuwa amepiga magoti, ameshika bisbisi kama mtu aliyeshika nyoka wa mtu mwingine. Karatasi aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akaitazama kwenye mwanga. Randa aliketi kwenye kiti cha pembeni, ameikalia mikono yake yote miwili ili isije ikainuka yenyewe. Alikuwa ameona watu wakikosea kazi maishani mwake, amewaona waliopigilia msumari kidoleni na waliokata tawi walilolikalia, lakini mtu wa kukosea kwa kufuata maelekezo yenye picha alikuwa hajamwona.

Binti yake alipita na sinia la glasi, akamwinamia sikioni. "Baba, unapumua?"

"Kwa shida."

"Huyu angekuwa ndiye anayefunga magurudumu ya lori langu, ningeenda safari kwa miguu."

Midomo ya Randa ilitetemeka. Aliinua macho akahesabu mbao za dari, zilikuwa ishirini na mbili, mpaka hali ikatulia.

Hatimaye meza ilisimama. Ilikuwa na mguu mmoja kila ncha, yaani ubao mpana uliosimamishwa wima, na ubao mwingine mwembamba wa kuiunganisha miguu hiyo katikati. Na pale sakafuni, kando ya boksi, zilikuwa zimelala skrubu nane.

Mkunga alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, na hakuziangalia skrubu, alimwangalia mumewe. Meneja aliziokota moja moja, akazitia kwenye kisahani, akakiweka juu ya kabati la vyombo. "Hizi ni za akiba," alisema. "Kampuni huwa inaweka za akiba."

Maneno ya miaka arobaini na moja yalimpanda Randa kooni kwa pamoja, yakasukumana mlangoni. Kiwanda gani duniani kinatoa skrubu nane za akiba? Hata asiyejua kazi angeona zilikuwa nne kwa nne, za kufungia uso wa meza kwenye miguu yake. Uso ule ulikuwa umewekwa tu pale juu, kama kofia. Akayameza maneno yote.

"Kampuni yenye ukarimu," alisema.

Mkunga alitafuta dharau usoni mwake kama alivyozoea kutafuta mapigo ya mtoto tumboni, sikio likiwa karibu kabisa. Hakuipata. Akarudi jikoni.

Kitambaa kirefu kikatandikwa, watu wakaitwa. Randa alikaa ncha moja kama mwenye nyumba. Ncha ya pili Meneja alikiwahi kiti mwenyewe, mbio mbio, kabla mtu hajakigusa, na Randa akaliandika hilo moyoni: hata kiti cha heshima anakigombania kama mtoto wa chekechea. Vyakula vikaanza kutua. Sinia la nyama ya kuoka. Wali. Viazi. Mwisho kabisa likaja sufuria la supu, ambalo Mkunga alilibeba kwa mikono miwili na vitambaa viwili.

Lilipotua, Randa alisikia sauti ambayo wengine hawakuisikia, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mguu wa upande wake ulikuwa unaanza safari. Bila kufikiri, aliingiza magoti yote mawili chini ya uso wa meza, akasukuma juu. Meza ikatulia.

Alidhani ni ya dakika moja. Ikawa robo saa, ikawa nusu, ikawa saa nzima. Magoti yale yalikuwa na miaka sabini na moja. Mapaja yaliwaka moto kiasi kwamba ungelitua lile sufuria pale, supu ingechemka upya. Alitafuna nyama aliyokwisha kuimeza zamani, ili tu uso wake uwe na kazi ya kufanya. Na huku yote hayo yakitendeka, kule ncha ya pili Meneja alikuwa anasifia. Meza hii ndiyo inayoongoza kwa mauzo. Meza hii wanaitolea dhamana ya miaka kumi. Miaka kumi, Randa aliwaza, na mimi ndiye dhamana yenyewe.

Alimtazama vizuri. Kijana alikuwa anakula ameketi wima kama ameandikishwa jeshini jana. Jasho lilimtiririka masikioni, bila shaka ni ulafi. Viazi havikuwa mbali naye, lakini hakunyoosha mkono, alimwagiza mkewe amsogezee. Bwana mkubwa. Chumvi nayo akaagiza. Hata watoto wawili walipoangusha maji miguuni kwake hakusogea, akabaki amekaa kama sanamu la mwanzilishi wa benki. Randa alimdharau kwa dhati, kwa raha hasa. Ilimsaidia kusahau magoti.

Kisha Mkunga akasimama. Alikuwa amevaa gauni la njano aliloshona kwa ajili ya siku ile. Akasema maishani mwake amepokea watoto wengi wa watu, lakini familia ya kupokea ikiwa tayari imekua, imeota ndevu na imeanza kununa, hii ndiyo ya kwanza. Watu wakacheka. Mke wa Meneja, ambaye tangu asubuhi alikuwa amepiga picha kila kitu hadi mfuniko wa sufuria, akategesha simu juu ya kabati na kuwataka wote wasimame nyuma ya meza, wapigwe picha ya familia.

Wote wakainuka. Randa hakuinuka.

"Nipigeni nikiwa nimekaa," alisema.

"Simama, mume wangu." Mkunga aliyatoa maneno hayo polepole.

Hapo ndipo Randa alipoona kwamba ushindi wote ulikuwa magotini mwake. Hakuhitaji kusema kitu. Angesimama tu, kama alivyoambiwa, na meza ingemsemea. Kijana angejulikana mbele ya mkewe na wanawe, na kiapo kingekuwa kizima. Tusimsingizie wema: aliliwaza jambo hilo kwa muda, tena kwa hamu. Lakini lile sufuria lilikuwa limekaa mkabala na gauni la njano, na nyuma ya gauni la njano aliuona mkate, na benchi, na ukuta unaopitisha vicheko.

"Magoti yananisumbua," alisema.

"Asubuhi ulikuwa juu ya paa unagongelea bati."

Randa akajipakulia wali. Uso wa Mkunga ukafungika. "Sawa. Ulimi umeufunga, sasa unatumia makalio. Mwakani tutakula kwa mwanangu." Akageukia ncha ya pili na kumnyooshea mkono. "Mwanangu, wewe njoo usimame na mama yako."

Meneja hakusimama.

"Haya," alisema yule dereva wa lori. "Na huyu naye magoti?"

Wanaume wawili wakatazamana, meza nzima ikiwa katikati yao. Randa aliyaona mabega ya kijana. Mtu aliyewahi kuinua boriti hahitaji kuambiwa anapomwona mwenzake amebeba. Ili kuhakikisha, aliteremsha magoti yake upana wa ukucha. Kule mbali Meneja akakunja uso. Baada ya kitambo Meneja naye akateremsha kidogo, na Randa akahisi uzito ukimjia, taratibu, kama salamu.

Mkunga alikuwa amewatazama wote wawili. Aliinua kitambaa cha meza, akainama, akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alikuwa ameuma midomo.

"Tangu lini?"

"Tangu supu," alisema Meneja.

"Tangu supu," alisema Randa.

Vyombo vikaondolewa kimoja kimoja, sufuria likiwa la kwanza, na wale wawili wakiwa bado chini ya mzigo. Meneja alipoachiwa nafasi hakusimama, alishindwa. Aliingiza mkono mfuko wa suruali, akatoa skrubu nne nyingine, akaomba aletewe kisahani.

"Zilikuwa kumi na mbili," alisema.

Randa alifumba macho kama mtu anayepokea habari za msiba.

"Hii meza ni takataka, Mzee. Nimeuza mia tatu."

"Sisi nyumbani hatuna hata moja," alisema mkewe. "Tunakula kwenye meza aliyoachiwa na marehemu baba yake."

"Ya nini?" Randa aliuliza, na lilikuwa swali lake la kwanza kwa familia ile tangu aioe.

"Mvule."

Randa alimtazama Meneja upya, kuanzia viatu. Hakupendezwa na viatu.

Wakahamia barazani. Beseni la maganda likatupwa kando, chakula kikapangwa kwenye meza ya watu sita, wakubwa wakabanana viwiko. Uso wa meza mpya ulilazwa chini na watoto wakakaa juu yake wakala, na kwa kazi hiyo, Randa alikiri moyoni, ulikuwa imara kabisa. Picha ilipigwa hapohapo. Wote wamesimama isipokuwa wanaume wawili, kwa sababu miguu yao ilikuwa imekataa kunyooka.

"Sikusema kitu," Randa alimwambia mkewe.

"Hukusema. Mwakani ni hapahapa."

"Na kiapo kinaisha saa ngapi?"

Mkunga alifikiri. "Vyombo vikimaliza kuoshwa."

Randa akasogeza kiti chake karibu na cha Meneja, akakohoa kwa heshima, akaanza kulainisha koo. Meneja alimtazama, akajishika magoti, akajiinua kwa kuugua.

"Basi vyombo naosha mimi," alisema. "Na nitaviosha polepole."