Babu Asivae Pete

Kitendawili changu ni hiki: nina mzee, akivaa pete husahau yote, akiivua hukumbuka. Mkishindwa msinipe mji, kaeni tu niwasimulie.

Nilikuwa mtunza tepe wa kampuni ya bima ya mazao, hapa mjini Des Moines, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza ukumbi mzima. Majina ya wakulima wetu wote yalikuwa kwenye utepe mmoja wa sumaku, uliozungushwa kwenye gurudumu. Kila wiki programu iliusoma, ikaongeza mabadiliko, ikaandika utepe mpya. Huo mpya tuliuita mwana, uliotangulia baba, na wa kabla yake babu. Baba na babu tuliwavua pete ya plastiki iliyokaa mgongoni, maana bila pete mashine haiwezi kuandika juu yao.

Asubuhi hiyo mvua ya mawe ilikuwa imelaza mahindi kila upande, na simu za wakulima hazikukoma. Verlin, mwendesha mashine, akampachika mwana kwenye mashine ya kusoma. Gurudumu likaenda mbele, likarudi nyuma, likakwaruza, likasimama.

"Hasomeki," akasema.

Akampachika baba palepale. Likakwaruza tena.

Bwana Tollefson, mkuu wetu, akafika na kikombe, kahawa ikimwagikia viatu vyake. "Opal, mlete babu."

Nikamtoa kabatini, nikamkumbatia, nikabaki palepale. Babu naye akiharibika, mkulima atakuja akililia shamba lake, nasi tumuulize, wewe nani?

"Opal, nimesema mlete."

"Namleta, bwana."

"Unamleta kwa posta?" Verlin akanitania.

"Wawili wameingia humo, Verlin, na hakuna aliyetoka mzima. Naogopa."

"Usiniongezee woga, dada. Nilio nao unanitosha."

Hata hivyo akafungua kilango cha kioo cha mashine, akapitisha kitambaa mahali utepe unaposomwa. Kikatoka na unga wa kahawia, unga wa tepe zetu. Akakiinua kitambaa tukione.

"Bwana, mashine ndiyo inayowala," akasema. "Nami nimeilisha baba kwa mkono wangu."

Tukahamia mashine ya pili, ya ukutani. Verlin akapapasa mgongo wa babu. "Hana pete." Bwana Tollefson naye akapapasa. Nami nikapapasa, ingawa pete niliivua mwenyewe.

Gurudumu likazunguka. Likasimama kidogo, na moyo wangu nao. Likazunguka tena, na kule pembeni mashine ya kuchapa ikaanza kupiga kelele: Aagesen, Abbott, Ackley. Nikayasoma majina hayo kwa sauti kama ninayeita watoto waliopotea sokoni.

Mabadiliko ya karibuni, ambayo babu hakuyajua, tuliyatoboa upya kwenye kadi za kulisha kompyuta hadi vidole vikavimba. Lakini hayo ni baadaye. Wakati ule Bwana Tollefson aliketi sakafuni, akainamisha kichwa.

"Opal," akasema, "nusura niilishe mashine ile na babu. Akimaliza mrudishe kabatini, ufunge, na ufunguo usinipe mimi."