Maji Matamu kwenye Ardhi Nyeupe

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2013. Tangu alfajiri hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mnyanya. Vumbi lilikuwa limetanda angani, jua likapanda jekundu bila mwanga, na Bahari ya Lut, ile wengine waiitayo Bahari ya Chumvi, ililala kimya, nzito kama mafuta. Harufu yake ya kiberiti ilikuwa imefika hadi kwenye nyumba zetu za juu, jambo ambalo hutokea mara chache.

Nilisali, nikabaki kwenye mswala nikimwomba Mola jambo moja tu: mwanangu Mufleh awatoe watoto wake katika ile nyumba ya bondeni kabla ardhi haijawameza.

Saa mbili tuliondoka watu watatu: mimi, shangazi yangu Sabha aliyepita miaka themanini, na jirani yetu Baba Eid. Baba Eid alikuwa amevaa joho lake la harusi, kwa sababu nilimwomba aongoze ujumbe. Kwetu ujumbe huenda kwa mtu kuposa au kuomba suluhu ya damu. Mwenye nyumba humimina kahawa, na wageni huviacha vikombe chini bila kuvigusa mpaka wapewe walichokuja kuomba. Hakuna aliyewahi kusikia ujumbe wa kumwomba mtu ahame kwake.

"Nikichekwa leo," Baba Eid alisema njiani, "nitasema nilikwenda kumposea punda wangu."

"Punda wako ameshakataliwa mara mbili," shangazi akamjibu. "Angalau yeye alikataliwa kwa adabu."

Tulifika mahali ardhi nyeusi inapokwisha na ile nyeupe inapoanza. Nilipokuwa msichana, bahari ilikuwa karibu na pale. Kila mwaka imekuwa ikirudi nyuma, ikiacha uwanda mweupe, tambarare, usio na mwenyewe. Vijana wakaanza kulima nyanya humo, kisha wakajenga. Sasa kuna nyumba kumi na moja.

Shangazi Sabha ndiye aliyetulea kwa hadithi ya uwanda ule. Alisema kaumu ya Lut ilipopinduliwa, watu wake walizikwa chali, midomo wazi, chumvi imewajaa kooni. Wana kiu mpaka Siku ya Kiyama. Kwa hiyo asimwage mtu maji matamu juu ya ardhi nyeupe, maana wakiyaonja watafungua midomo kutafuta mengine. Bibi zetu walipokuwa wakipita pale na viriba, walivifunga mafundo mawili. Wakati wa sala ukiwakuta, walitayamamu kwa vumbi ingawa maji walikuwa nayo mgongoni. Hata masazo ya chai waliyabeba hadi juu.

Hadithi hiyo niliivunja mimi.

Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na tisa, katika darasa la jioni la wanawake. Baada ya mwaka mmoja niliweza kusoma Kurani na tafsiri yake, polepole, kidole kikifuata mstari. Nilimshukuru Mungu kwa machozi. Lakini pia, na aniwie radhi, nilianza kuona kwamba asiyesoma hana la kuniambia. Mufleh alipotaka kujenga kwenye ardhi nyeupe, shangazi alimkataza, na ukoo mzima ukaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye msomaji. Nilitafuta kurasa kwa kurasa. Sikuona popote kwamba wafu wanakunywa maji.

"Shangazi, huo ni ushirikina," nilisema mbele ya watu wote. "Na kutayamamu wakati maji yapo, sala haiswihi."

Hakubishana nami. Ila tangu siku ile, akiwa kwenye ardhi nyeupe na adhana ikaita, huchukua kopo lake na fimbo, akapanda hatua mia tatu hadi kwenye ardhi nyeusi, akatawadha huko, akarudi kusali. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Mufleh akajenga. Wengine wakasema, Mama Mufleh amesoma kitabuni, hakuna neno, nao wakajenga. Msimu uliopita mwanangu alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akalitandika plastiki nene, akaleta maji ya korongoni kwa bomba ili kumwagilia nyanya zake.

Kisha Jumapili ya juma lile, Mwalimu Ibtisam alikuja darasani na chupa ya jamu. Alikuwa ameweka mabonge ya chumvi ya pwani yetu wenyewe, juu yake mchanga, na juu ya mchanga kisanduku kitupu cha kiberiti, kama nyumba. Akanipa kijiko nimimine maji. Hakikutokea kitu. Tukaendelea na somo. Tulipokuwa tunakaribia kumaliza, kile kisanduku kilizama ghafla, hakuna aliyekigusa. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

"Chini ya ardhi nyeupe kuna chumvi nene kuliko kimo cha nyumba," mwalimu alisema. "Maji ya bahari yenyewe yameshiba chumvi, hayaili. Maji matamu ndiyo yanayoila. Juu huoni chochote mpaka siku ya mwisho."

"Je, jambo hili limewahi kutokea hapa zamani?" nilimuuliza.

"Sijui, mama. Huko kwenu hakuna wazee wanaosimulia kitu?"

Siku iliyofuata nilimwendea shangazi nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Kazungumze na ile ardhi."

Nilimsihi Mufleh mara mbili, akacheka. Ndipo nikamfuata Baba Eid.

Mufleh alitupokea mlangoni, akaliona joho, akaangua kicheko.

"Mmekuja kumposa nani? Binti yangu ana miaka mitatu!"

"Mimina kahawa, kijana," Baba Eid akamwambia, "maneno baadaye."

Tuliketi kwenye mkeka. Mkewe Nejma aliwaweka watoto wawili pembeni. Mufleh akamimina kahawa katika vikombe vitatu, akatupatia mmoja mmoja. Tukaviweka chini. Hapo kicheko chake kilipungua.

"Mnafanya kweli?"

"Tunafanya kweli," Baba Eid alisema. "Tunaomba uhamishe watu wako leo, na usitie tena tone la maji katika bwawa lile."

"Nyanya zangu zina siku kumi tu kabla ya kuchumwa! Bila maji zitakauka zote. Na bwawa lenyewe, mnalisema nini? Maji yanapungua shubiri moja kila siku, na nje ni kukavu kabisa. Kuna mwizi. Baba Eid, wewe una mbuzi wangapi?"

"Mbuzi wangu hunywa kwa adabu, hawatumii mpira wa maji."

"Basi nani anayachukua?"

"Mjukuu wangu," shangazi alisema taratibu, "mimi nimekwambia tangu ukiwa tumboni nani anayachukua."

"Bibi, hadithi hizo mama alizimaliza. Mama, wewe mwenyewe ulisema! Au sikusikia vizuri?"

"Ulisikia vizuri," nilimjibu. "Nilikosea. Nilitafuta katika maandishi, nikamdharau aliyekuwa amehifadhi kichwani. Bibi zetu hawakuwa wanaabudu shimo, mwanangu. Waliliona likifunguka, wakatuachia onyo kwa njia waliyoiweza."

"Kwa hiyo juzi kweli ilikuwa ile, leo kweli ni hii. Kesho je?"

Niliinamisha kichwa, na katika kuinama huko nikakiona kikombe changu.

Kahawa yetu humiminwa kidogo, chini tu ya kikombe. Ile yangu ilikuwa imejikusanya upande mmoja, upande wa bwawa, na upande wa pili weupe wa kikombe ulikuwa wazi. Nikatazama cha shangazi. Vilevile. Nikatazama cha Baba Eid. Vilevile. Tungekuwa tumekunywa, tusingeona.

"Mufleh," nilisema, "hebu tazama."

Alipiga magoti. Alikizungusha kikombe, akakiweka tena. Kahawa ikarudi upande uleule. Akakipeleka karibu na mlango, akakiweka sakafuni, akangoja. Ikaelekea bwawani.

Nejma akasema kwa sauti ndogo, "Tangu Jumatatu mpira wa mtoto unakwenda wenyewe kwenye ukuta ule. Nikiuokota, unarudi. Nilidhani ni mimi sioni vizuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka. Si unacheka kila kitu?"

Chini yetu kitu kilipiga kishindo, mara moja tu, kama mtu anayeangusha gunia la mchele katika chumba cha chini. Lakini nyumba ile haikuwa na chumba cha chini.

Mufleh alimnyanyua binti, Nejma akamnyanyua mvulana. "Mmepewa," mwanangu alisema, hakumtazama mtu. "Mlichoomba mmepewa. Tokeni."

Hatukuchukua hata viatu. Baba Eid alimbeba shangazi mgongoni na joho lake likiburuta, na shangazi njia nzima alikuwa akimkemea: "Polepole, wee mzee, mimi si gunia la vitunguu!" Hakuna aliyecheka. Midomo yangu ilikuwa ikisoma Ayatul Kursiy, na nilihesabu hatua mpaka rangi ya udongo ilipobadilika chini ya nyayo zangu.

Tulikaa pale juu mpaka adhuhuri ikapita. Hakikutokea kitu. Mufleh alianza kutembea huku na huko, akiziangalia nyanya zake, na nikaogopa atashuka tena. Alasiri ilipokaribia, plastiki ya bwawa ilinyooka ghafla kama shuka linalovutwa na mikono. Maji yalizunguka, yakaingia chini, yakaisha. Kisha kona ya nyumba ikainama. Ukuta ulikwenda wote pamoja, bila haraka, na paa likaufuata. Vumbi jeupe lilipotulia, tuliona shimo la mviringo, refu kiasi kwamba jua halikufika chini yake. Mistari mitatu ya nyanya ilikuwa ikining'inia ukingoni. Kutoka ndani tulisikia maji yakiendelea kwenda, mbali, kuelekea upande wa nyumba zile nyingine.

Shangazi aliziba mdomo wa mtoto kwa kiganja, asilie.

Watu wa nyumba kumi walikuja mbio, wakasimama kutuzunguka, wengine wana udongo mikononi. Waliangalia shimo, kisha wakaniangalia mimi. Mwanamke mmoja, Thurayya, ambaye nyumba yake ndiyo iliyofuata, alisema kwa sauti iliyosikika na wote:

"Si wewe, Mama Mufleh, uliyetuambia ni hadithi tu?"

"Ni mimi."

"Na sasa unatuambia tutoke? Twende wapi? Mume wangu yuko mjini, hatanielewa. Nina watoto watano. Nitamwambia nimeondoka kwa sababu ya nini, kahawa?"

"Tutangoja kwanza," mwanamume mmoja akasema nyuma yake. "Huenda lilikuwa shimo moja tu." Na wengine wakaitikia kwa vichwa. Wawili watatu walianza kugeuka kurudi chini, kwa kuwa wakati wa kufungulia nyanya zao maji ulikuwa umefika.

Mufleh alinishika mkono. "Mama, waache. Umeshasema."

Niliuondoa mkono wake. Nilishuka mpaka vidole vya miguu yangu vikawa kwenye ule weupe, nikawaelekea wote. Shangazi alikuwepo, Baba Eid alikuwepo, mwanangu na mkwe wangu walikuwepo.

"Mimi, Wadha binti Salama," nilisema, "naahidi mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu nyote. Neno langu ndilo lililowaleta hapa. Siku yoyote ambayo mtoto mmoja wenu atalala huku chini, na mimi nitalala huku chini, katika nyumba yake, upande wa ukuta ulio karibu na shimo. Naanza leo, kwako Thurayya. Sitapanda juu mpaka mtoto wa mwisho awe amepanda mbele yangu."