Daktari Njau Atafuta Mkunga

Daktari Njau wa Ngoingwa alikuwa mtaalamu wa makazi ya samaki, na alikuwa mwoga wa nyoka. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwa amani miaka mingi, kwa sababu samaki aliowachunguza walikuwa wadogo kama kidole, na wengi wao aliwachunguza akiwa ameketi ofisini Thika, mbele ya ramani. Angeweza kukuambia ni mto upi uliopoteza kivuli, na ni wapi mchanga ulichotwa hadi samaki wakakosa pa kutagia. Kuwashika samaki wenyewe ilikuwa kazi ya watu wengine. Mamake naye, aliyelelewa katika nyumba isiyopika samaki, aliwaambia watu wa kanisa kwamba mwanawe ni daktari, akaishia hapo hapo.

Siku moja bosi wake, Maggie, akamwita.

"Njau, kuna ukuta unataka kujengwa kwenye mto, kule Gitothua. Wa kuzuia maji. Nasikia kuna mikunga wanaopanda mpaka huko. Kama wako, ukuta uachiwe njia. Kama hawako, watajenga tu vile wamechora. Enda uangalie."

"Si tutume mtu?"

"Wewe si mtu?"

Mkunga ni samaki mrefu, mwembamba, anayeteleza kama sabuni. Huzaliwa baharini, huingia mtoni akiwa mdogo kama uzi, na hupanda maporomoko kwa kujiburura kwenye mawe yenye unyevu mpaka afike nchi ya juu. Huko hukaa miaka mingi chini ya mizizi, kisha siku moja hugeuka, hurudi baharini, huzaa, hufa. Njau alikuwa akiwafundisha wanafunzi safari hiyo mpaka sauti yake inatetemeka. Asilowaambia ni kwamba kwa sura mkunga ni nyoka mtupu. Mwanasayansi hapaswi kuombea matokeo ya utafiti wake, lakini asubuhi ya safari Njau alipiga magoti kando ya kitanda akaomba mikunga wasiwepo.

Alikuwa pia ameamua kuzungumza na wananchi kwa lugha ya wananchi. Alifungua kamusi, akahakikisha jina la samaki yule, akalikariri. Aliposhuka Ruiru akamwendea mwenye boda boda.

"Natafuta mkunga. Nasikia yuko Gitothua, huko chini karibu na mto."

Kijana akawasha pikipiki mara moja. "Ameshikwa saa ngapi?"

"Bado hajashikwa. Ndiyo naenda kumshika."

Kijana akamtazama sana, akatazama wavu aliokuwa amebeba, akaamua kutouliza tena. Alimpeleka mbio na kumshusha kwenye lango la bluu lililochorwa mama na mtoto. Mwanamke mnene mwenye nywele za mvi akatoka akijifuta mikono. Aliitwa Ngendo. Alikuwa amestaafu hospitalini na sasa alikuwa na kliniki yake ya akina mama.

"Mama yuko wapi?" akauliza, akichungulia nyuma ya Njau.

"Mama yupi?"

"Si umesema unataka mkunga? Mkunga ni mimi."

Ilimchukua Njau muda kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Ngendo alivyozidi kucheka, mpaka akalazimika kukaa kwenye benchi pamoja na wajawazito waliokuwa wakingoja zamu. Walicheka nao, wakishika matumbo. Njau alisimama pale na wavu wake, na shahada zake zote.

Lakini shamba la Ngendo liliteremka mpaka mtoni, na ukingo pale ulikuwa bado na miti, mizizi na mawe, mahali ambapo mkunga angependa kukaa. Njau aliliona hilo mara moja, akatamani asingeliona. Aliomba ruhusa, akautega wavu chini ya mizizi: mdomo wake mpana nje, mwembamba ndani, na matumbo ya kuku ndani yake kama chambo. Alijizungushia kamba mkononi alipokuwa akiushusha, kisha akaifunga kwenye mti, akaenda zake akijipa moyo kwamba maji ya mto ule yamechafuka sana.

Kesho yake alirudi asubuhi. Aliifungua kamba mtini, akajizungushia tena kiganjani, jambo alilozoea kuwakataza wanafunzi, akavuta. Wavu ulikuwa mzito. Ulipotoka majini, kitu kinene, cheusi, kirefu kama mkono wake kilijikunja, kikajikunjua, kikamtazama.

"Uuuwi!" Njau akapiga mayowe, akakimbia.

Tatizo ni kwamba kamba ilikuwa bado kiganjani. Kila alipotazama nyuma nyoka alikuwa anamfuata, na kila alipoongeza mwendo nyoka naye aliongeza. Alipanda shamba lote hivyo, akavuka kitalu cha sukuma wiki, akafika kliniki na kujitupa kwenye benchi, katikati ya wajawazito wawili. Hao wakatawanyika kwa wepesi ambao hakuna aliyeutarajia.

Ngendo akatokea. "Ni nini?"

"Nyo... nyo..."

"Pumua. Vuta ndani. Toa polepole. Usisukume, pumua tu." Akamfungua kamba mkononi. "Haya. Ni nyoka ama ni samaki?"

Njau akatazama. Alimwona mnyama akijipenyeza nje ya wavu uliochanika, kwenye nyasi zenye umande. Aliona lile pezi refu linaloanza mgongoni, likazunguka mkia, likarudi tumboni. Hakuna nyoka mwenye pezi. Akaona pia kwamba mnyama, bila kuuliza mtu, alikuwa ameelekea mteremkoni, moja kwa moja kuelekea maji.

"Ni samaki," akasema. "Mama Ngendo, ni yeye. Ametoka baharini."

"Basi mbona umekaa?"

Kweli, mbona? Akiingia majini kabla ya kupimwa, ukuta utajengwa bila njia. Njau akanyakua taulo lililoloa kwenye kamba ya nguo, akakimbia, akafumba macho, akajirusha. Mkunga akamzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko, baridi na utelezi, na Njau akalia. Hakupiga kelele; alilia tu, kama mtoto, akiwa amelala kifudifudi, huku akisema kwa sauti ya kitaalamu, "Mpime! Mpime kutoka puani!" Ngendo akatoa mfukoni utepe wake wa kupimia matumbo ya akina mama, akampima. Mmoja wa wajawazito, aliyeitwa Maxine, akapiga picha kwa simu. Kisha wakashuka wote mtoni, wakamwachilia, naye akapotea chini ya mizizi bila shukrani.

Maxine alikuwa na mkono thabiti. Picha ilionyesha pezi vizuri sana. Ilionyesha pia uso wa Daktari Njau, machozi na kamasi, mdomo wazi.

"Naweza kuukata uso," Njau akamwambia Maggie.

"Ukiukata, watasema umeitoa kwenye mtandao. Hakuna mtu anaweza kuigiza hiyo sura."

Kwa hiyo ikawekwa ukutani, kubwa kama mlango, katika mkutano wa mradi. Wahandisi walicheka mpaka mwenyekiti akaomba maji. Njau alisimama kando akingoja wamalize, kisha akawaeleza jinsi mtoto wa mkunga anavyopanda jiwe kwa tumbo. Safari hii sauti haikutetemeka. Mhandisi mkuu akauliza swali moja tu: hiyo njia inahitaji upana gani?

Ikaandikwa kwenye michoro: mfereji wa mawe yenye kukwaruza, unaomwagiwa maji kidogo, kando ya ukuta. Mamake Njau alipoonyeshwa ile picha baada ya ibada, mbele ya watu wa kanisa, aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Na huyo mgonjwa," akauliza, akimgusa mkunga kwa kidole, "alipona?"