Koti Lililonuka Nywele

Uzi ulishika moto, ukajikunja kama mdudu aliyeguswa, kisha ukazima wenyewe. Ng'washi aliusogeza puani, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Nywele," alisema. "Hili koti linanuka nywele za mtu."

Alilitupa juu ya turubai na kufuta vidole kwenye kanga yake, mara mbili, mara tatu.

Hilo lilikuwa koti la nne. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka kwenye mitumba sokoni Bariadi na kiberiti mkononi. Aliinamia kila rundo, akachomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, akauchoma. Wauzaji wawili walishamfukuza. Hakujali. Alikuwa amelima pamba Nkololo kwa miaka arobaini, na uzi wa pamba aliujua hata akiwa amefumba macho: ukiungua hunuka karatasi, na jivu lake hupeperuka. Ule wa plastiki huyeyuka ukawa punje nyeusi, ngumu, na nguo yake haimalizi mwaka. Mwaka juzi alinunua sketi ya kung'aa bila kuichoma. Ilifuliwa mara tatu, ya nne ikaachia mshono kanisani, mbele ya kwaya nzima. Tangu siku hiyo hakuliamini jicho lake, wala mdomo wa mtu yeyote aliyekaa nyuma ya turubai.

Na safari hii hakuwa na nafasi ya kukosea. Mjukuu wake, Gloria, amepangiwa kidato cha tano kule Makete, mbali kusini, mahali ambapo watu huvaa makoti mchana. Gloria ana pumu. Hata hapa nyumbani, kwenye joto, asubuhi za mwezi wa sita kifua chake hupiga filimbi mpaka bibi yake huamka na kukaa kitandani akihesabu pumzi. Karatasi ya shule ilisema koti zito. Fedha ya pamba ilitosha koti moja. Haya yote, isipokuwa fedha, alimweleza kila muuzaji aliyemfikia.

"Si nywele za mtu, mayu," alisema muuzaji.

Jina lake Lusajo, mtu wa Tukuyu, kusini huko huko, mrefu, mpole wa sauti. Alikuwa amemsalimia kwa Kisukuma alipofika, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na Ng'washi akakaza fundo la kanga lililofunga fedha yake. Mgeni akijifunza salamu zako, alijisemea, ana jambo.

"Kama si za mtu, za nani?"

"Za kondoo. Hii inaitwa sufu. Wananyoa kondoo, wanasokota, wanafuma."

Pembeni Harieth, aliyekuwa akiuza viatu vya watoto, aliangua kicheko. "Bibi, kimbia! Huyu kesho atakuuzia suruali ya kuku!"

Watu wawili watatu walisimama kutazama. Ng'washi aliwageukia wao kwanza, kisha akamgeukia Lusajo.

"Kijana, nyumbani nina kondoo saba. Ukiwanyoa wote saba hupati kofia ya kichanga."

Watu walicheka. Lusajo hakucheka, na Ng'washi aliliona hilo. Kijana alitoa simu, akatafuta, akamwonyesha picha: kondoo mnene, mweupe, ambaye macho yake yalizama kwenye manyoya.

"Simu huonyesha chochote," Ng'washi alisema. "Nipe lile jaketi la kijani. Nimelichoma. Ni pamba tupu."

"Lile ni zuri. Lakini unasema mtoto anakwenda Makete?"

"Anakwenda."

"Basi sikuuzii."

Harieth aliacha kucheka. Ng'washi alidhani hakusikia vizuri. Jaketi la kijani lilikuwa na bei kubwa kuliko koti lile la nywele. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mfanyabiashara anayemvuta mteja kutoka kwenye bei kubwa kwenda kwenye ndogo. Kwa hiyo kulikuwa na kitu. Labda koti lilitoka hospitali. Labda lilivuliwa kwa maiti.

"Mbona unataka sana kuliondoa?" aliuliza.

"Kwa sababu limekaa hapa tangu Pasaka. Lilikuja ndani ya belo, sikulichagua. Hapa Bariadi nani avae blanketi lenye vifungo? Wanaligusa, wanatoka jasho, wanaondoka."

Jibu hilo lilikuwa na sura ya ukweli, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

Lusajo alichukua chupa yake ya maji ya kunywa. Akatandaza nguo mbili mbele yake, akamimina kidogo juu ya jaketi la kijani. Kitambaa kikanywa maji papo hapo, doa likapanuka, likawa kubwa kama sahani. Akamimina juu ya koti. Maji yakasimama juu kama shanga. Akalikung'uta, yakaruka yote.

Ng'washi aliinama, akagusa jaketi. Alijua jinsi pamba inavyokunywa. Umande wa asubuhi tu huongeza uzito wa gunia, ndiyo maana hakuruhusu mtu kuchuma kabla jua halijapanda. Lakini hakuwahi kufikiria kwamba tabia hiyo hiyo inamfuata mtu aliyeivaa.

"Kule kwetu," Lusajo alisema, "mvua si lazima inyeshe. Ukungu unakuja tu, unakaa wiki. Mtoto atatoka bwenini saa kumi na moja amevaa pamba, itakuwa mbichi mpaka jioni. Na kifua chake ulichonieleza..."

Ng'washi alilivuta koti karibu. Alipiga magoti juu ya turubai, akaanza tena. Alivuta mishono, akapitisha mkono ndani ya mikono ya koti, akageuza mifuko, akanusa kola. Lusajo alimsubiri. Mteja mwingine alikuja kuuliza bei ya shati, akaambiwa angoje, mama anakagua.

"Hujaona hapa," Lusajo alisema mwishowe. Akainua mkono wa kushoto wa koti. Kwapani palikuwa na kitundu, kidogo kama punje ya mtama, kingo zake zimeliwa. "Wadudu. Wanapenda sufu. Weka majani ya mwarobaini mfukoni, na kitundu ukishone leo, kisikue."

Ng'washi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Alikuwa amepita pale kwapani mara mbili bila kuona. Lusajo angenyamaza, koti lingeondoka.

Kisha akafikiri: ameonyesha kidogo ili afiche kikubwa.

Akalitafuta hilo tundu kubwa. Alilipandisha koti juani, akalitazama kwa mwanga, mgongo, mabega, bitana. Jasho lilimshuka kwenye shingo. Harieth alimsogezea stuli bila neno lolote. Ng'washi hakukaa, lakini alisema asante. Tundu kubwa halikuwepo.

"Lifunge," alisema.

Nyumbani Gloria alilivaa mbele ya mlango na kujitazama.

"Bibi, hili la mzee. Vifungo vya kiume."

"Funga vyote."

"Nitachekwa."

"Cheka nao."

Kwapani alishona kwa uzi mweusi, mshono mdogo mdogo, akarudia juu yake mara ya pili. Usiku kabla ya safari alichomoa uzi mwingine kwenye upindo, akauchoma jikoni. Ulinuka vile vile. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa nane Ng'washi alikuwa shambani aking'oa mabua ya pamba iliyokwisha vunwa simu ilipoita. Ilikuwa namba ya matroni wa shule. Aliipokea haraka.

"Bibi, ni mimi. Nimeomba simu dakika mbili."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Bibi, huku asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kabisa. Ukikanyaga zinalia. Maji ya ndoo yanakuwa na kioo juu."

"Koti je?"

"Ninalala nalo. Wenzangu wanagombania kukaa karibu yangu."

"Na kifua?"

"Kiko sawa, bibi."

Angesema nini kingine? Mtoto aliyelelewa naye asingemtia bibi yake wasiwasi kutoka umbali huo. Ng'washi aliliweka jembe chini. Aliusogelea mti wa kwanza wenye kivuli, mbali na upepo, akaikandamiza simu sikioni na kuliziba sikio la pili kwa kidole chenye udongo.

"Usiseme kitu," alisema. "Pumua tu, nisikie."

Kwanza ulisikika mkwaruzo wa mtandao. Kisha pumzi ikaingia, ikakaa, ikatoka.

Ng'washi alifumba macho.

"Tena," alisema.