Ukuta wa Darasa la Tano

Kila Ijumaa, wanafunzi wakishatawanyika, akina mama wa Nachipere huja na ndoo za udongo mweusi wa bondeni kusiriba madarasa. Huo ndio mchango wao. Serikali ilishasema elimu ni bure, na kitu cha bure sharti mtu akipake udongo kisimwangukie mwanawe. Ijumaa hiyo walimaliza darasa la tano mapema, wakanawa mikono, wakamwachia Mwalimu Elubi Nkhwazi ukuta wa nyuma ukiwa bado mbichi.

"Usiuguse mpaka Jumatatu," Mama Stelia alimwonya. "Nakujua wewe, mkono wako hautulii."

"Niuguse nini, mama? Mimi naenda zangu kufua."

Akaugusa hata kabla hawajafika barabarani. Mtandao wa simu Nachipere hupatikana mahali pawili tu: juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, ambako hakukosi foleni, na kwenye ukuta ule, usawa wa bega, karibu na dirisha. Elubi alikuwa amenunua kifurushi cha wikendi, kile ambacho Jumapili usiku hufa hata kama hujakimaliza. Akaibandika simu kwenye udongo mbichi, kioo kikielekea ukutani ili mwanga usiwaite wezi, akaiacha ipakue kila itakachoweza. Akafunga mlango kwa kufuli na kwenda kufua.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa soda. Bwana Mtambalika, afisa elimu kutoka bomani, makao ya wilaya, aliwaita walimu wote wa kata, akawapa soda ya moto moja moja, akawatangazia kwamba vitabu vimepitwa na wakati. Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, bure kabisa: masomo, mazoezi, picha zinazotembea, michezo ya kuwafundisha watoto kusoma. Akaandika majina ya tovuti ubaoni mpaka ubao ukajaa, kwa chaki ambayo walimu walikuwa wameinunua wenyewe. Elubi alinyoosha mkono, akauliza habari za vitabu vya sayansi vya darasa la tano, ambavyo aliviona kwa macho yake katika stoo ya bomani, vimefungwa kwenye nailoni na panya wameanza kuvionja.

"Lori halina mafuta," Bwana Mtambalika alisema. "Kunywa soda, mwalimu."

Darasa la tano lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja na kitabu kimoja cha sayansi. Hakikuwa na jalada, na kilianzia ukurasa wa ishirini na tatu. Elubi alisoma shule hiyo hiyo, kwa kitabu hicho hicho, na enzi zake kilianzia ukurasa wa tisa. Stelia, binti wa yule mama wa udongo, alikuwa amekihifadhi chote kichwani, na mara kwa mara alimuuliza mwalimu mwanzoni paliandikwa nini. Elubi alimweleza kuanzia ukurasa wa tisa, kwa kadiri alivyokumbuka. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumwambia, na jambo hilo lilimkera kuliko mshahara kuchelewa.

Masomo ya mtandaoni yalikuwa mazuri, hilo hakulikataa. Huko mbali kulikuwa na watu waliokaa wakayatengeneza kwa moyo safi, wakayatoa bila kudai hata shilingi. Lakini kila somo lilianza na maelekezo kwa mwalimu: chapisha kwa rangi, nakala moja kwa kila mtoto. Elubi alikuwa akiyasoma maelekezo hayo akiwa juu ya kichuguu, watu wakimsukuma kwa nyuma, na alikuwa akitukana kwa sauti ndogo kwa sababu ya kanisa.

Jumatatu asubuhi aliikuta simu imedondoka sakafuni, imekufa chaji. Masomo yalikuwa yamehamia ukutani. Katikati palikuwa na moyo wa binadamu, mkubwa kama ungo, ukidunda. Udongo wa hapo ulikuwa wa vuguvugu, na watoto waliowahi kufika na kuingia kwa dirishani walikuwa wameshaugombania, kwa kuwa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mwalimu, huo ni moyo wa nani?" Stelia aliuliza.

"Ni wa kila mtu. Toka hapo, wenzako wauone."

Mwalimu mkuu, Bwana Kachere, aliitwa. Aliweka kiganja ukutani, akasikiliza kidogo.

"Unakula kifurushi?"

"Hapana."

"Basi fundisha."

Elubi akafundisha. Somo la mvua lilipofika, mvua ilinyesha ukutani na waliokaa mstari wa mbele walilowa magoti. Somo la sehemu lilikuwa na keki iliyokatwa vipande vinane. Harufu yake ilijaa darasani, na watoto ambao hawakuwa wameonja hata uji tangu jana yake waliomba sehemu ziahirishwe mpaka baada ya mavuno. Mara nyingine ukuta ulisimama katikati ya somo na kuuliza kama kila mwanafunzi ana kompyuta yake. Darasa zima lilijibu kwa pamoja, "Hatuna!" na ukuta uliendelea. Baada ya majuma machache hata watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa wakifundishwa nje kwenye jua, walijua kuitikia hivyo. Siku za Ijumaa akina mama walisiriba wakiuzunguka moyo ili wasiuchafue.

Watoto wakaanza kujua mambo. Stelia alimweleza babu yake kwa nini anahema akipanda kilima, na babu akakubaliana naye. Kitu kimoja tu ukuta haukuwa nacho: zile kurasa za mwanzo. Kitabu kilikuwa cha nchi yao, kwa mtihani wa nchi yao, na hakuna mtu huko mbali aliyekuwa amewahi kukisikia.

Bwana Mtambalika alikuja kwa pikipiki. Hakushangaa. Alitoa futi mfukoni, akaupima ukuta urefu na kimo.

"Mimi nilisema nini?" aliwaambia. "Mtandaoni. Bure."

"Na vitabu je, bosi?" Elubi aliuliza.

"Mwalimu, mtu mwenye ukuta kama huu bado analilia vitabu? Hebu kuwa na haya kidogo. Kuna shule hazina hata ukuta."

Juma hilo hilo lori likaja. Watoto walilisikia likiwa bado mbali, wakatoka mbio wakiimba, kwa kuwa walidhani ni vitabu. Nyuma yake lilikuwa limebeba watu wanne, kamba na patasi. Walikuwa wametumwa kuukata ukuta na kuupeleka kwenye ukumbi wa bomani, ambako wageni wangeweza kuuona bila kuchafua viatu. Lori lililokosa mafuta ya kubeba vitabu lilikuwa limepata mafuta ya kubeba ukuta, na ukuta ni mzito kuliko vitabu, hilo hata ng'ombe analijua.

"Huo udongo ni wangu!" Mama Stelia, aliyekuwa amewahi na ndoo yake ya Ijumaa, alifoka. "Nimeubeba kwa kichwa hiki!"

"Mama, mimi dereva tu."

"Dereva tu! Na mamako alikuzaa uwe dereva tu?"

Alichota tope ndooni akalitupa kwenye kioo cha mbele. Dereva aliiacha wipa ifanye kazi yake, wakaondoka na ukuta, moyo ukidunda chini ya turubai.

Darasa likabaki na pengo. Ulipochungulia uliona shamba la mahindi kama kawaida, ila sauti zilizoingia humo zilikuwa za ukumbini: viti vikivutwa, vikombe vya chai, hotuba. Huko bomani ukuta ulikataa kutoa somo hata moja. Ulionyesha kile tu ulichozoea kukitazama kila siku, yaani darasa la tano, watoto wamekaa chini wakiukodolea macho. Wageni waliupenda zaidi hivyo.

Elubi alimwachia Stelia darasa, akapanda baiskeli ya kukodi mpaka bomani. Aliukuta ukumbi umejaa. Stelia alikuwa ukutani amesimama mbele ya wenzake, kitabu mkononi, anasoma.

"Umewaona?" Bwana Mtambalika alimnong'oneza, mdomo umejaa sambusa. "Wanasoma."

"Wanasoma kitabu, bosi. Kimoja. Vingine viko nyuma ya mlango ule pale. Nipe nibebe mwenyewe."

"Vitabu ni kwa shule zisizo na ukuta."

"Ukuta si mnao nyinyi?"

"Lakini kwenye ripoti umeandikwa ni wenu."

Elubi alipaza sauti. Aliuambia ukumbi mzima kwamba watoto wale wanaowaona wanakaa kwenye udongo, kwamba vitabu vyao vinaliwa na panya hatua chache kutoka kwenye chai hiyo, na kwamba hicho kinachoitwa bure kinalipwa na mama zao kwa shingo zao. Mkalimani aliwatafsiria wageni kwamba mwalimu anashukuru.

Wakati huo upepo uliingia darasani kupitia pengoni na kuichomoa karatasi ya mbele ya kitabu. Watoto wa mstari wa mbele waliruka kuidaka, ikawapita juu ya vichwa, ikatokomea mahindini.

"Mwalimu," Stelia alisema kutoka ukutani, akimtazama Elubi usoni, "ya ishirini na tatu imekwenda. Na vingine umevipata?"

Wageni walifurahi mno kusikia mtoto akizungumza. Walisimama, wakapiga makofi muda mrefu.

Kesho yake Elubi aliingia darasani mikono mitupu. Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu wote walikuwa wamesikia. Alimpa Stelia kitabu, na Stelia akaanza kusoma ukurasa wa ishirini na tano, katikati ya sentensi. Kabla hajafika mbali makofi yakalipuka pengoni. Bomani walikuwa wamefika wageni wengine. Watoto wa Nachipere wana adabu, wamefundishwa kumheshimu mgeni. Wakasimama wote kwa pamoja, mikono nyuma, tayari kusema asante.

"Kaeni," Elubi alisema. "Hamjapewa kitu."

Wakakaa chini, na Stelia akatafuta alipoishia.